Jaribio la Nne

Hospitalini walimwita Mama Usingizi, na hata wagonjwa waliotoka mbali walifika wakilitaja jina hilo kabla hawajamwona. Alikuwa muuguzi aliyesomea kazi ya kuwalaza watu kabla ya upasuaji. Kwa miaka kumi na tisa aliifanya kazi hiyo karibu peke yake, ukiondoa mwaka mmoja alipoletewa msaidizi, naye akahamishwa kabla hajajua vizuri kabati la dawa liko upande gani. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye vidole vifupi ambavyo mwenyewe alisema viliumbwa kwa ajili ya kukanda unga.

Mama mkwe wake, aliyeishi naye nyumba moja, hakuchoka kumpiga vijembe. Alisema mke wa mwanawe analaza mji mzima, lakini yeye mwenyewe alfajiri yuko macho anahesabu mabati. Ilikuwa kweli, na mama mkwe hakujua sababu yake.

Kazi ile wengi hawaielewi. Hudhani ni kuchoma sindano, kisha kukaa kwenye kigoda kumsubiri daktari amalize. Lakini dawa inayomlaza mtu humlegeza na koo. Ulimi huanguka nyuma, pumzi husimama, na tangu hapo mtu huyo anaishi kwa mkono wa mwenzake. Mama Usingizi alitakiwa kupitisha mpira mwembamba mdomoni, katikati ya nyuzi za sauti, hadi kwenye koo la hewa, akimulika kwa kifaa chenye ulimi wa chuma na taa ndogo. Kwa watu wengi ni kazi ya nusu dakika. Kwa wachache, ukifungua mdomo na kumulika, mlango hauuoni. Hapo ndipo muda unapoanza kukimbia, kwa sababu ubongo usiopata hewa haungoji mtu ajipange.

Aliyemkosesha usingizi alikuwa mpishi wa shule, mama wa watu aliyekuja kupasuliwa ngiri. Hakikuwa kitu cha dharura. Utotoni alimwagikiwa na uji wa moto, na kovu lake lilikuwa limevuta kidevu karibu na kifua. Mama Usingizi aliliona kovu lile. Akajiambia amekwisha kuona makubwa zaidi, akampa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli kwa pamoja. Alipoweka barakoa na kuminya mfuko wa hewa, kifua hakikuinuka. Akachukua ulimi wa chuma, akamulika, hakuona kitu. Akabadilisha mto, akajaribu tena. Akaomba mpira mdogo zaidi, akajaribu tena. Kila mara aliamini ijayo ndiyo itakayofanikiwa. Baadaye, alipokaa kuhesabu, alikuta amejaribu mara saba. Chumbani walikuwemo watu wanne, na hakuna aliyefumbua kinywa.

Jioni ile mume wa marehemu alikuja akasimama mlangoni pa ofisi, kofia mkononi. Aliuliza kama mkewe alijua kinachotokea. Mama Usingizi alimwambia hapana, alikuwa amelala.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Nikawa naendelea tu."

Yule bwana akavaa kofia yake, akaondoka. Hakurudi tena, wala hakushitaki, na pengine angeshitaki ingekuwa nafuu.

Majuma mawili Mama Usingizi hakugusa mgonjwa. Mumewe, fundi wa redio asiyependa maneno mengi, alimpikia uji na kumwacha na kimya chake. Alipotaka kuandika barua ya kuacha kazi, alifuatwa nyumbani na muuguzi wa chumba cha upasuaji, dada mmoja mrefu waliyempa jina la Kimya kwa sababu siku nzima ingepita bila mtu kusikia sauti yake. Kimya alikaa kwenye ukingo wa kochi, akakataa chai, akasema jambo ambalo lilionekana kumkaba kwa siku nyingi.

"Mama, mimi nilikuwa na kisu mkononi. Nilikishika tangu mara ya tatu. Nilijua pa kukata ni shingoni. Nilikuona unahangaika, nikaogopa kukukatiza."

Mama Usingizi hakuwahi kumlaumu kwa hilo. Alijilaumu yeye, kwa sababu kwa miaka yote ile hakuwa amefanya lolote la kumfanya mtu mdogo kwa cheo aweze kumwambia basi. Barua ya kuacha kazi hakuiandika. Badala yake alikwenda machinjioni.

Kule aliomba makoo ya mbuzi. Mchinjaji alidhani anatania, akamwambia hata mbwa wake hali kitu hicho. Lakini koo la hewa la mbuzi halitofautiani sana na la mtu. Lina gegedu, yaani mfupa laini, kubwa juu na dogo chini, na kati yake kijishimo kilichofunikwa na utando, mahali ambapo kisu kikipita hewa inapata njia. Aliyabeba matano kwenye ndoo yenye kifuniko, akayaweka kwenye friji nyumbani. Siku ya kwanza mama mkwe aliyakuta, akayachemsha. Mama Usingizi alirudi akakuta sufuria iko mezani, na mama mkwe akilalamika kwamba nyama za siku hizi hazina hata chembe ya mafuta. Tangu siku hiyo makoo yalihifadhiwa kwenye friji ya maabara.

Kila Alhamisi saa kumi jioni, kazi zikiisha, yeye na wenzake wa hospitali walikusanyika chumba cha upasuaji. Koo lilifungwa kwenye ubao, likafunikwa kwa kipande cha ngozi ya kiti kilichochakaa. Kila mmoja alifungwa kitambaa machoni, kwa kuwa shingo ikikatwa damu hufunika kila kitu na jicho halina msaada; kidole ndicho kinachoona. Walitafuta kijishimo kwa kupapasa. Walikata, wakapitisha kijiti laini cha kuongoza, wakateremsha mpira juu yake. Mwanzoni walichukua dakika tatu. Baada ya miezi walifikia nusu dakika. Daktari wa meno, kijana aliyejipenda na mwenye viatu vya kung'aa, alikuja mara mbili, akasema harufu ile haimfai, akaacha.

Lakini lililokuwa gumu kuliko kukata lilikuwa kusema. Mama Usingizi aliweka sheria: ni majaribio matatu tu, kisha shingo, na baada ya kila jaribio lisilofaulu, mtu mmoja atatamka hesabu kwa sauti. Cheo kinaachwa mlangoni pamoja na viatu. Aliwalazimisha kumkatiza. Alijifanya hasikii, alijifanya kukasirika, aliwafokea makusudi, ili wazoee kusema hata wakifokewa. Mfagiaji alikuwa hodari kuliko wote. Alipaza sauti mpaka wagonjwa wa wodini wakauliza kuna ugomvi gani. Kimya alikuwa wa mwisho. Kila zamu yake ilipofika, alikata vizuri kuliko mtu yeyote, lakini maneno yalimkwama, akaishia kunong'ona. Mama Usingizi alimwambia kisu chake hakina kasoro, ila anayelala pale mezani hawezi kungoja mtu amalize kuona haya.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Koo gumu walilipata mara mbili tatu, wakavuka salama, maana sasa Mama Usingizi hakumlaza mtu kabla hajamfungua mdomo, kumpima kidevu, kumwinamisha na kumwinua shingo. Akiona dalili mbaya alimwacha macho, au alimpa rufaa hospitali kubwa, mwendo wa saa nne kwa gari.

Kisha, Jumatano moja saa nne asubuhi, akaletwa mnadi.

Mji mzima ulimjua. Ndiye aliyenadi ng'ombe mnadani kila Jumamosi, pande la mtu, shingo kama kisiki, ndevu zimemfika kifuani, na sauti ambayo mtu aliyekuwa upande wa pili wa bonde angeisikia. Siku kumi alikuwa anaumwa jino la nyuma, akatafuna karafuu na kumeza vidonge vya kununua dukani. Sasa chini ya taya palikuwa pamevimba na kukakamaa kama ubao, kutoka sikio hadi sikio. Ulimi ulikuwa umesukumwa juu na mdomo haukufunguka zaidi ya upana wa kidole kimoja. Alikaa kitandani ameinama mbele, mate yakimdondoka ndani ya bakuli, kwa kuwa hakuweza kumeza. Kila alipovuta pumzi, koo lilitoa mlio mwembamba kama wa mlango unaohitaji mafuta.

Mke wake alieleza kwamba tangu jana hajalala, kila akilala chali anakabwa. Mama Usingizi aliusikiliza ule mlio. Daktari wa upasuaji, ambaye angeweza kumtoboa koo taratibu kwa ganzi akiwa macho, alikuwa chumba cha pili na mama mzazi anayevuja damu, na asingeweza kumwacha. Alituma neno kwamba anahitaji nusu saa. Safari ya saa nne kwenda hospitali kubwa haikuwa ya kufikiria. Mama Usingizi alizitazama kucha za mnadi, akaona zimeanza kuwa za buluu.

Chumbani walikuwa watatu: yeye, Kimya, na daktari wa meno aliyekuja kutoboa jipu la chini ya taya. Wakamkalisha mnadi mezani, wakamvalisha barakoa ya oksijeni. Mama Usingizi alimwomba ruhusa ya kunyoa ndevu za shingoni. Mnadi akatikisa kichwa kukataa. Mke wake, aliyekuwa mlangoni, akasema kwa ukali kwamba ndevu huota, akanyolewa. Kisha Mama Usingizi alipapasa ile shingo iliyovimba, polepole, mpaka kidole kikakikuta kijishimo. Akapachora mstari kwa kalamu nyeusi.

Alimweleza mnadi kila kitu. Atampulizia ganzi, atapitisha mpira puani akiwa macho, kwa sababu akimlaza tu koo litaziba. Ikishindikana, atapita hapa penye mstari. Mnadi aliomba karatasi kwa ishara, akaandika neno moja: sauti.

"Siwezi kukuahidi sauti," Mama Usingizi alisema. "Nakuahidi kwamba sitachelewa."

Akautamka mpango kwa sauti, wa kwanza, wa pili, na wa mwisho. Kimya akaurudia neno kwa neno, kwa sauti ya chini. Kisu, kijiti na mpira vikawekwa kwenye trei ndogo peke yake, upande wa kulia.

Akampulizia ganzi, mpira ukaingia puani. Mama Usingizi aliinama, akaweka sikio kwenye ncha yake ya nje, akisikiliza pumzi ya mnadi ndani ya bomba kama mtu anayesikiliza mazungumzo nyuma ya ukuta. Pumzi ikiongezeka nguvu, yuko karibu na njia. Ikipotea, amekosea. Aliusukuma kidogo, pumzi ikawa na nguvu. Akausukuma tena, ikapotea. Akaurudisha nyuma, na hapo damu ikatoka puani. Mnadi akakohoa. Akakohoa tena, kwa kishindo, mikono ikashika hewa, kisha ule mlio mwembamba wa mlango ukakatika.

Kilichotisha ni kwamba palikuwa kimya kabisa. Kifua cha mnadi kilihangaika, kikipanda na kushuka bila kuingiza kitu. Macho yalimtoka, akamshika Mama Usingizi mkono wa nguo, halafu vidole vikalegea, akaanguka chali.

"Moja," alisema Kimya.

Mashine ya kupima oksijeni ililia kwa kila pigo la moyo, na mlio wake hushuka kadiri oksijeni inavyoshuka. Ilikuwa tisini na moja. Mama Usingizi alibana barakoa usoni kwa mikono miwili, Kimya akaminya mfuko. Mfuko ulikuwa mgumu kama jiwe. Themanini na mbili. Mama Usingizi akaingiza ulimi wa chuma kwenye ule upenyo wa kidole kimoja, akavuta, akamulika. Aliona nyama nyekundu na damu.

"Mbili."

Mlio ulizidi kuwa mzito. Walijaribu barakoa tena, hewa haikuingia. Bomba lenye kikombe laini, la kukaa juu ya koo la hewa, halikupita kwenye meno. Sabini na moja. Mama Usingizi akachukua kijiti, akakipitisha kwa kubahatisha chini ya kile alichodhani ni kidakatonge, kifuniko cha koo la hewa. Kikagonga kitu, kikarudi.

"Tatu," alisema Kimya.

"Nimeona povu pale," daktari wa meno akasema haraka. "Njia iko pale. Jaribu mara moja tu, ukielekeza kushoto."

Na Mama Usingizi akajaribu. Yaani mkono wake ulikwenda. Baada ya miaka mitatu ya Alhamisi, baada ya makoo ya mbuzi yasiyohesabika na sheria aliyoitunga mwenyewe, mkono uliinua ulimi wa chuma ukaelekea mdomoni mwa mnadi, na moyoni mwake aliamini kabisa kwamba safari hii ataona. Hamsini na nane.

Kimya akaushika ule mkono. Aliushika kwenye kifundo, kwa nguvu.

"Mama, basi. Tatu zimekwisha. Hewa haiingii. Shingo."

Hakunong'ona. Mfagiaji aliyekuwa ukumbini alisema baadaye kwamba alisikia kila neno. Mama Usingizi alimgeukia, na kwa nukta moja uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kumfokea mwenzake. Kisha akauachia ulimi wa chuma ukaanguka sakafuni. Kimya akamwekea kisu kiganjani.

Mstari wa kalamu ulikuwa bado unaonekana. Mkono wa kushoto ukalibana koo, mkono wa kulia ukakata. Damu ikajaa, mstari ukapotea, kama walivyozoea kwenye kitambaa cha machoni. Akaingiza kidole, akaupata utando, akaupasua kwa upande. Kimya alikuwa tayari na kijiti. Kilipita, kikakwaruza pete za koo la hewa moja baada ya nyingine, kama ukucha unaopita kwenye meno ya kitana. Mpira ukateremka juu yake. Kimya akaunganisha mfuko, akaminya.

Kifua kikainuka.

Lakini namba ziliendelea kushuka. Arobaini. Thelathini na saba. Daktari wa meno aliuliza kwa nini hazipandi. Moyo wa mnadi ulianza kupiga kwa kuchelewachelewa. Mama Usingizi alisikiliza kifua kushoto na kulia, hewa ilikuwa inaingia, akajua oksijeni iko njiani na kidole kinachopimwa kiko mbali na mapafu. Hakukuwa na la kufanya ila kuminya mfuko na kungoja. Kimya aliminya. Thelathini na tano. Thelathini na tano. Arobaini na nne. Mlio ukapanda ngazi moja, ukapanda nyingine, na ulipofika tisini daktari wa meno akaegemea ukuta, akafuta uso kwa mkono wake wenye glavu.

Ndipo akafanya kazi yake, na aliifanya vizuri. Alitoboa lile jipu, usaha ukatoka wa kujaza bakuli, akaling'oa na jino. Daktari wa upasuaji alipomaliza upande wake alikuja akamtengenezea mnadi tundu jingine chini zaidi, la kupumulia kwa siku chache. Yule mama mzazi naye alinusurika.

Katika chumba cha kunawia, Mama Usingizi alishindwa kufungua kamba za aproni yake. Kimya akaja kumfungulia kwa nyuma.

"Nilidhani utanifokea," Kimya alisema.

"Nilitaka."

"Niliona."

Wakakaa kwenye beseni lililogeuzwa, bega kwa bega, mpaka walipoitwa kwa mgonjwa aliyefuata.

Ijumaa mganga mkuu aliitisha kikao cha kuwapongeza. Alisema maneno mazuri kuhusu uhodari na kuhusu mazoezi, na akapendekeza taarifa ipelekwe ngazi za juu. Mama Usingizi alisimama, akasema taarifa ina pengo. Akaeleza mbele ya wote kwamba baada ya jaribio la tatu, mkono wake ulikuwa unakwenda mara ya nne, na kwamba asingeshikwa, wangekuwa wamekutana kuzungumza habari nyingine. Mganga mkuu alimwambia kwa upole kwamba mgonjwa yu hai, hakuna haja ya kuandika hilo. Akajibu kwamba hilo ndilo la kuandikwa kwanza, ili atakayekuja baada yake asidhani kujua kunatosha. Likaandikwa. Daktari wa meno aliomba liandikwe pia kwamba yeye ndiye aliyesema jaribu tena. Alhamisi iliyofuata alikuja saa kumi kamili, amevaa kandambili.

Mnadi alitoka baada ya siku kumi na mbili. Kwa miezi miwili alizungumza kama mtu anayekwaruza sufuria, kisha sauti ikarudi, ingawa si ile ya kuvuka bonde. Sasa hunadi kwa kipaza sauti na kupumzika kila baada ya ng'ombe watano. Mke wake anasema nyumbani wanasikilizana vizuri zaidi. Alipokuja kukaguliwa kovu alitaka kujua ni nani hasa aliyemkata. Mama Usingizi alisema ni yeye, kisha akamwonyesha Kimya aliyekuwa anakunja mashuka, akasema yule ndiye aliyemwamuru. Mnadi alimwendea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na hakuna aliyesikia walichozungumza.

Mwaka huo ilitoka nafasi moja ya kwenda kusomea usingizi. Mama Usingizi alimjazia Kimya fomu, akaipeleka mwenyewe kwa mganga mkuu, akamtafutia na barua ya kumpendekeza. Kimya aliisoma yote, akashukuru, akairudisha. Alisema ukisimama kichwani mwa mgonjwa unaliona koo tu. Yeye angependa kubaki pale upande wa kulia, karibu na trei, ambapo anaona kila mtu.